Bi. Verlene Goosby Tarpley, Aliyeanza Kitabu kwa Ukurasa wa Mwisho

"Shoga, mtu aliyechota maharage miaka thelathini na moja, mambo ya vitabu vya shule kayajulia wapi?"

Ndivyo Bi. Idella Crume, jirani wa ng'ambo ya barabara, alivyomuuliza marehemu mwezi wa Agosti 2021, wamesimama kwenye masanduku ya barua. Wilaya ya shule ilikuwa imebandika tangazo posta na hapa kanisani. Ilitafuta kamati ya kuchagua vitabu vipya vya kusoma na kuandika kwa madarasa ya chini, na mkazi yeyote alikaribishwa kujiandikisha. Katika kaunti nzima alijiandikisha mkazi mmoja. Bi. Verlene alicheka, akasema, "Idella, mimi namjua mtoto anayejifanya ameshiba. Na anayejifanya anasoma namjua vilevile." Jibu hilo tutalirudia, maana sehemu kubwa ya maisha yake imo humo.

Marehemu Verlene Goosby Tarpley alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948 huko Pinder's Bend, kaunti ya Lowery, Alabama. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Ezell Goosby na Mama Hattie Lou. Baba alilima pamba katika mashamba ya watu, mama alifua nguo za watu. Mama Hattie Lou alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika katikati ya ibada, na kwamba siku hiyo mhubiri alimaliza mapema kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Alianza masomo mwaka 1954 katika shule ya watoto weusi ya Pinder's Bend, yenye chumba kimoja na jiko la kuni katikati. Vitabu vyao vilitoka shule ya watoto weupe ya mjini, vikiisha kuchakaa, na majina ya wenyewe yameandikwa ndani ya jalada. Alipokuwa na miaka minane aliangukia hadithi ya punda aliyetoroka nyumbani siku ya mvua ya mawe. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, hadi punda akafika mtoni na maji yamefurika. Akafunua ukurasa. Hapakuwa na kitu. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimechanwa zamani.

"Mwalimu, akavuka?"

"Sijui, Verlene. Kilikuja hivyohivyo. Malizia mwenyewe."

Basi akamalizia. Kila jioni aliwapa wadogo zake mwisho mwingine. Mdogo wake, Mzee Otha, yuko hapa nasi, naye anasema aliyempenda kuliko wote ni yule punda aliyevuka akawa mhubiri, akawa anawaokoa watu kwa mateke. Lakini tangu siku ile Bi. Verlene hakufungua kitabu chochote bila kuanzia nyuma, aone kama mwisho upo. Hata Biblia aliyopewa siku ya kubatizwa aliikagua hivyo, mchungaji anamwangalia. Shule aliiacha darasa la saba, mwaka 1961, mama yake alipopooza, akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Tarehe 10 Juni 1967 alifunga ndoa na Bwana Cleophus Tarpley, fundi wa matrekta, aliyekuja kumposa na gunia la viazi vitamu begani. Alisema pete zitakuja baadaye, ila njaa haitawapata. Yote mawili yalitimia. Mungu aliwajalia watoto watatu na miaka arobaini na miwili ya kucheka pamoja, hadi Bwana Cleophus alipotangulia mwaka 2009.

Mwaka 1981 aliajiriwa jikoni katika shule ya msingi ya hapa mjini, akastaafu mwaka 2012 akiwa mpishi mkuu. Kila asubuhi aliandika chakula cha siku kwa chaki ubaoni, kwa herufi kubwa, ili kila mtoto asome na kuchagua mwenyewe. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo walimu hawakuliona. Kulikuwa na watoto wa darasa la tatu, hata la nne, waliofika mbele ya ubao wakamsubiri mwenzao wa mbele aagize, kisha wakasema, "Na mimi hivyohivyo." Wengine walinyoosha kidole tu. Siku moja aliandika ubaoni "leo kuna supu ya viatu," na watoto kumi na mmoja wakasema na wao hivyohivyo. Alicheka mbele yao, akawapa kuku. Kisha akaingia stoo akalia. Alimwambia binti yake, Darnetta, "Wale watoto wananyongwa kimya kimya, na mimi nawapa ubwabwa." Tangu siku hiyo alimwomba Mungu jambo moja: kabla hajafa, watoto wa wilaya hii wapewe kitabu kinachowafundisha kusoma kweli.

Ndiyo sababu aliingia kwenye ile kamati. Walikuwa tisa: walimu sita, mwalimu mkuu Bwana Harlan Stroud, Dkt. Lynette Moseley wa ofisi ya wilaya aliyekuwa mwenyekiti, na yeye. Kila mmoja alipewa karatasi ya alama, sifuri hadi nne. Yeye mwenyewe alikiri kwamba siku ya kwanza alikipa nne kitabu kimoja kwa harufu yake tu, kwa vile hajawahi maishani kushika kitabu cha shule kilicho kipya. Alipofika nyumbani akatubu, akafuta.

Wauzaji wa vitabu walipokuja, walikuja na masanduku ya sandwichi za kuku kwa kamati nzima. Bi. Verlene alifungua kikopo chake cha mboga za majani na mkate wa mahindi.

"Mama, karibu, ni bure," kijana wa kampuni akamwambia.

"Mwanangu, mdomo uliojaa chakula chako utakusema vipi?"

Inasemekana walimu wawili walirudisha sandwichi zao sahanini, na mmoja akatafuna haraka zaidi.

Baada ya kuchuja, seti za vitabu zilizobaki zilikuwa mbili, ya kasha jekundu na ya kasha la buluu. Nyekundu ilijaribiwa darasani kwa Bi. Tameka Rudd, mwalimu mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Buluu alipewa Bwana Joel Pruitt, aliyekuwa na miezi mitano kazini. Baada ya wiki sita, alama zote zilipojumlishwa, nyekundu ilikuwa na tisini na moja, buluu sitini na nane. Kamati ikafungua kalamu ipige kura. Bi. Verlene akanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza. Hapa tumeonja unga au tumeonja mpishi?"

"Bi. Verlene, karatasi imeshasema," Bwana Stroud akajibu.

"Imesema, baba. Mwaka themanini na nane tuliletewa unga wa aina mbili. Mmoja nikampa Lurleen, aliyezaliwa anaoka. Wa pili nikampa msichana aliyeajiriwa Jumatatu. Mikate ya yule msichana ungeweza kujengea ukuta. Tukaukataa ule unga. Mwezi uliofuata Lurleen akaishiwa, akaokea gunia lile lile tulilolikataa. Tulilamba vidole! Kosa lilikuwa langu. Nilitakiwa kumpa kila mpishi unga wote wawili."

Aliyemuunga mkono ni Bi. Rudd mwenyewe. "Jamani, anasema kweli. Mimi wale watoto ningewafundishia hata kitabu cha namba za simu."

"Na mimi nashukuru," akasema Bwana Pruitt, "maana nilishaanza kutafuta kazi benki."

Walicheka wote, ila Dkt. Moseley alikuwa na kalenda mkononi. "Bi. Verlene, bodi inakaa mwezi ujao. Muda huo hatuna."

"Mwanangu, watoto watakaa na kitabu hicho miaka saba. Sisi tunakosa wiki nne?"

Dkt. Moseley aliikunja kalenda. Bodi iliombwa isubiri, walimu wale wawili wakabadilishana makasha, na Bi. Verlene akahudhuria kila Jumatano, amekaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu. Alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alifunika picha kwa kiganja, kisha akamwomba mtoto asome. Kwenye kitabu chekundu mtoto alitazama dari, akatazama dirisha, akasema, "Bibi, nyanyua mkono kidogo tu, nimwone huyo mnyama." Hata watoto wa Bi. Rudd, kumbe walikuwa wamekariri sauti ya mwalimu wao. Kwenye kitabu cha buluu mtoto alilikamata neno mwanzoni kabisa, akalivuta sauti moja baada ya nyingine, jasho puani, hadi likatoka zima. Bwana Pruitt anasema siku aliyoyaona hayo, alimpigia simu mama yake.

Kikabaki kitu kimoja. Sheria ya wilaya ilitaka vitabu vikae mezani maktaba siku thelathini, wananchi wavione na kuandika maoni. Miaka yote meza hiyo huwa haimpati hata inzi. Bi. Verlene aliomba ruhusa ya kutangaza kanisani, akaoka pai za pichi, akakaa karibu na meza akiwa na kijiko cha kugawia. "Kitabu kwanza, pai baadaye," ndiyo iliyokuwa amri. Zilipatikana kadi za maoni mia moja na kumi na mbili. Moja ilikuwa ya Bi. Idella Crume, na imo katika kumbukumbu za wilaya hadi leo: "Kitabu kizuri. Pai nzuri zaidi. Verlene anajua."

Alhamisi tarehe 12 Mei 2022 bodi ilipitisha seti ya buluu, kura nne kwa moja. Julai, lori lilipoleta makasha, walimpisha akate kamba ya kwanza. Alitoa kitabu, akakinusa, akakifungua kwa nyuma. Akaupitisha mkono juu ya ukurasa ule, akasema neno moja, "Upo." Kisha akacheza stoo nzima na Bwana Stroud, ambaye tunajua hachezi.

Januari 2023 madaktari walimwambia moyo wake umechoka. Alisema haoni ajabu, ameutumia sana. Mwaka huo wote watoto wa darasa la kwanza walikuja kibarazani kwake baada ya shule, mmoja mmoja, wakamsomea. Akikwama mtoto, Bi. Verlene alinyamaza, akimsubiri. Wiki ya mwisho Bi. Idella alimuuliza anaogopa nini. Alijibu, "Siogopi. Ukurasa wangu wa mwisho anao Yesu, na najua haujachanwa." Alilala katika Bwana nyumbani kwake, Jumanne tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya wanawe.

Ameacha mdogo wake Otha Goosby, watoto wake Darnetta, Rufus na Vonceil, wajukuu tisa, vitukuu wanne, wapwa wengi, na jirani yake Idella Crume, ambaye damu haikuwaunganisha lakini barabara ilifanya kazi hiyo. Mungu ampokee mtumishi wake kwa furaha, ampumzishe, na amfunulie kila kilichokosekana.

Maua hamyaoni hapa mbele, kwa sababu aliyakataa. Sasa atasimama Zaniyah Crume, kitukuu cha Bi. Idella, mwanafunzi wa darasa la kwanza, akiwa na kitabu cha kasha la buluu. Ndugu tulieni mfuate maneno ya marehemu mwenyewe, aliyomwandikisha Darnetta tarehe 20 Septemba:

"Siku ya kunizika, mtoto mmoja anisomee hadithi mpaka mwisho. Akikwama, mtu yeyote asimtajie neno. Msubirini."