Matufaha ya Fumie na Upepo wa Siberia

Benchi lilikuwa mbele ya duka la mchele lililofungwa siku nyingi, pale kwenye kona ambapo barabara ya kuelekea mlima Iwaki inaanza kuchosha miguu. Duka lilikufa, ila mashine ya vinywaji iliyoegemea ukuta wake ilibaki hai. Ukiitumbukizia sarafu inakutemea kahawa ya kopo, ya moto, na hiyo ndiyo iliyokifanya kijiwe kiwe kijiwe. Wenye benchi walikuwa wazee watatu, wakulima wa matufaha wasio na matufaha tena, maana watoto walikwenda zao mjini na miti ikakatwa. Redio aliitwa hivyo kwa kuwa hatembei bila redio yake mfukoni. Goti alianguka mtini ujanani, na tangu hapo anatabiri hali ya hewa kwa magoti. Wa tatu, Mikami Eikichi, walimwita Ngazi kwa urefu wake. Wa nne wao, Kasai Teizo, walimzika majira ya kuchipua, na shamba lake lilionekana waziwazi kutoka pale benchini, matufaha ya aina ya Fuji yakiwa bado mtini. Asubuhi hiyo Ngazi alikaa akilipa shamba hilo kisogo.

— Hebu nyamazeni nisikie, Redio alisema, kidude kikiwa sikioni. Haya. Hewa baridi kutoka Siberia inashuka. Mchana huu inaingia Tsugaru yetu yote. Upepo mkali wa magharibi, mvua juu yake, na usiku theluji mlimani.

— Itapita kaskazini, baharini huko, Ngazi alisema. Kama kawaida yake.

— Kawaida ya nani? Wewe na Siberia mmekula sahani moja lini?

— Hao watabiri kazi yao kutisha watu, bwana. Wakitangaza upepo usije, nani atawalaumu? Wakitangaza shwari ukaja, watazomewa mpaka na kuku.

— Mwache Ngazi, leo kasema kweli, Goti aliingilia, akijipapasa miguu. Goti langu la kulia ni la mvua, la kushoto ni la upepo. La kushoto limelala fofofo.

— Limelala au limekufa?

— Tena vunjajungu mwaka huu wametaga chini kabisa, kwenye mashina ya nyasi, maana yake hakuna cha kutisha kinachokuja. Mdudu hasikilizi redio, hadanganyiki.

— Vunjajungu anatabiri theluji, siyo upepo!

— Theluji inaletwa na nani, na posta?

Ngazi alicheka, akazidisha kuliko mzaha wenyewe. Goti akapata moto.

— Na mkitaka nimalize yote, mnazijua zile feni kubwa za umeme kule pwani? Zile zinakula upepo. Unaotufikia sisi huku ni makombo.

— Zinakula?

— Sasa umeme unatoka wapi? Upepo ukishaliwa umeliwa. Na nasikia siku ukizidi wanazigeuza, zinazunguka kinyume, upepo unarudishwa Siberia kwa wenyewe.

— Dalili ya mvua ni mawingu, Redio alisema kwa uzito.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu mawingu.

Siku nyingine Ngazi angeufurahia upuuzi huo mpaka machozi. Siku hiyo aliushikilia kama mtu anayeshikilia tawi. Juma lililopita Fumie, mjane wa Teizo, alishuka mpaka pale benchini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mumewe akiwa hai, akamuuliza yeye, si mwingine: aanze kuvuna au angoje? Mwanawe anayeishi mji wa Sendai alishasema kwamba mavuno haya yakiharibika miti itakatwa na mama atahamia mjini. Naye Ngazi akamjibu bila hata kuuweka chini mkebe wa kahawa: “Ngoja, shemeji. Mvumilivu hula mbivu. Baridi ikaze kidogo, asali iingie moyoni mwa tufaha.” Fumie akainama, akashukuru, akarudi zake. Tufaha likianguka chini halina heshima tena, linakwenda kukamuliwa maji, na kwa bei ya maji.

— Mwenzenu yuko juu ya ngazi tangu kulipokucha, Redio alisema taratibu.

Hawakuuliza mwenzao gani; Fumie alionekana kule shambani, peke yake mtini.

— Ameomba msaada? Goti aliuliza.

— Hajaomba.

— Basi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Cha mvunguni? Matufaha yako juu ya mti, wewe!

— Basi sharti apande. Mimi nifanyeje? Nikienda bila kuitwa, atanilipa nini? Miti sina. Nitakuwa nimemtwika mzigo.

Hapo Goti hakuwa anatania. Kule kwao siku ya kazi hulipwa kwa siku ya kazi: leo uko shambani kwangu, kesho niko kwako, na hakuna anayelala akiwa na deni. Fumie angewalipa kwa lipi watu wasio na hata mti mmoja wa kupogoa? Kwa hiyo hakuomba, na wao kwa heshima hawakujitolea. Hivyo ndivyo walivyojieleza, na maelezo yalikuwa mazuri, yalikaa vizuri pamoja na kahawa ya moto.

— Tena Teizo mwenyewe hakupenda kusaidiwa, Ngazi aliongeza. Tukienda tutamvunjia heshima marehemu.

— Kweli kabisa, Goti aliitikia.

— Na upepo wenyewe hauji.

— Hauji.

Ngazi akaenda kutumbukiza sarafu nyingine. Mashine ikamrudishia. Vitufe vyote vya kahawa vilikuwa vimewaka taa nyekundu, walikuwa wameimaliza. Wakati huohuo gari dogo la mizigo likasimama, akashuka mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kazini, mgeni kwenye njia ile. Aliwaamkia, akafungua mashine, akaanza kupanga makopo. Kisha akajinyoosha mgongo, akatazama juu, shambani kwa Fumie, kule ambako maturubai ya kung'aa yaliyotandikwa chini ya miti ili kuyarudishia matufaha mwanga yalikuwa yanawaka kwa jua.

— Samahanini wazee wangu, aliuliza. Yule mama anavuna na nani?

Goti alitazama magoti yake, yote mawili. Ngazi aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu utoto.

— Nimeuliza vibaya? yule mgeni alisema.

Redio aliizima redio, na hapo ndipo wote wakasikia mianzi ya nyuma ya duka imeanza kunong'ona. Ngazi akainuka, akashika barabara ya mlima bila kuaga. Redio akamfuata, na Goti nyuma yao akichechemea, akimlaani vunjajungu.

Fumie aliwasikia wakiingia, hakugeuka.

— Anzieni upande wa magharibi, alisema.

Wakaanza kuvuna. Mikono ilikumbuka kazi yake: kuinua tufaha, kulizungusha, kuliachia kikonyo chake. Lakini miti ilikuwa mingi, na Siberia haikupita baharini. Upepo uliingia jua lingali juu, ukayang'oa maturubai na kuyatupa kwenye uzio, ukazitingisha ngazi mpaka Fumie mwenyewe akaamuru wote washuke. Wakasimama bandani, mvua ikiwapiga ubavuni, wakisikiliza matufaha yakidondoka, moja moja kwanza, kisha kwa mafungu. Makreti yaliyojaa nyuma yao hayakufika hata robo ya shamba. Ngazi alitamani mtu amtukane.

— Shemeji, alisema. Mimi ndiye niliyekwambia ungoje.

— Uliniambia, nikangoja.

Fumie alikuwa anafuta tufaha kwa taulo la shingoni, polepole, kana kwamba mavuno yote yalikuwa salama.

— Kuyangoja matufaha hakukunipa shida, alisema. Ila leo tangu asubuhi nilikuwa nawaona pale benchini. Nikawangoja na nyinyi.