Bi. Muriel Threlfall na Neno Tulilolifuta

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi. Muriel Threlfall anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika chumba chetu cha kamusi hapa Leeds. Bosi ameniomba niandike maneno machache ya kuchangamsha. Nimejaribu.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia maneno ya kale ya Kiingereza: nani bado anayatumia, na katika maandishi gani. Alisoma wosia, nyimbo za kanisani, riwaya za mapenzi, matangazo ya sabuni, hata ripoti za kriketi. Aligundua kwamba neno lililokwisha magazetini zamani laweza kuwa zima kabisa kwa mawakili, na kwamba wachekeshaji huyapenda maneno hayo kuliko mapadri. Siku moja alikutwa makaburini, mvua inanyesha, ananakili maandishi ya mawe. Mlinzi alidhani amefiwa, akamletea chai.

Mwaka 2012 tulipunguza kamusi. Miongoni mwa yaliyofutwa ni "relict", neno la kale lenye maana ya mjane.

"Nani anaandika hivyo siku hizi, Bi. Muriel?" bosi alimuuliza kikaoni.

"Makarani wa mahakama, bwana. Na wachonga mawe ya makaburi."

"Basi wafu watatusamehe."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Miaka miwili baadaye ikaja barua kutoka Whitby. Bi. Ada Storr alikuwa amefiwa na mumewe, karani mstaafu wa mahakama. Ndani ya kijisanduku cha saa yake, marehemu aliacha karatasi: "Apewe relict wangu." Mama wa watu akafungua kamusi yetu, asione kitu. Akaamua kwamba hilo ni jina la siri la mwanamke mwingine. Aliziondoa picha za mumewe ukutani, na kaburi likakaa bila jiwe mwaka mzima na nusu, mpaka mpwa wake alipolikuta neno hilo kwenye toleo letu la zamani.

Bosi aliagiza tumtumie samahani ya mistari miwili. Bi. Muriel alichukua siku ya likizo yake, akapanda treni kwenda kumwona.

"Nimemchukia mume wangu bure, mwanangu," bibi yule alimwambia. "Sasa nitamwomba radhi wapi?"

Bi. Muriel aliosha naye vikombe, akarudi Leeds.

Tangu hapo, kila toleo alilirudisha neno kwenye orodha, na kila toleo mtu alilikata. Mtu huyo ni mimi. Niliagizwa, nami nilikuwa na watoto wa kusomesha. Bi. Muriel alijua, wala hakuwahi kuniuliza.

Toleo la Septemba limeshakwenda mtamboni. Neno halimo.

Amesema hatakuja kwenye sherehe, kwa hiyo keki tutaila wenyewe. Asante kwa miaka yote hiyo, Bi. Muriel. Hatukukustahili. Tunakuombea siku njema, mbali na sisi.