Mama Kaskazini, Mwalimu Aliyekagua Tope

Bibi yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kaskazini, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, fundi saa. Mama yake alikuwa mshonaji.

Alisoma shule ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1980 akahitimu ualimu. Alifundisha Jiografia hadi alipostaafu mwaka 2018. Kipindi chake cha kwanza hakikuwa na milima wala mito: kilikuwa mahali, umbali, mwelekeo, kaskazini kwanza, na skeli. Ramani isiyo na skeli aliiita porojo iliyochorwa. Mwanafunzi akijitetea kwamba anaishi mbali, aliulizwa, "Mbali na wapi? Kwa miguu au kwa basi?"

Tarehe 3 Septemba 1983 aliolewa na dereva wa lori, na hapo shaka zake zikapata kazi. Babu alikuwa akipiga simu kutoka vituo vya mafuta.

"Nipo karibu, mke wangu."

"Karibu na nani?"

Mwaka 1991 babu alichelewa wiki nzima. Alisema daraja limevunjika, hivyo anazungukia milimani. Jirani akamnong'oneza bibi, "Shoga, huyo ana nyumba nyingine." Bibi akafunga nguo za babu kwenye shuka, akaziweka mlangoni. Lori lilipofika hakusalimia. Alipiga magoti, akakwangua tope la tairi kwa kijiko. Udongo wa barabara kuu ni mweupe, wa kichanga. Huu ulikuwa mwekundu, wa milimani kabisa.

"Karibu, mume wangu. Maji ya kuoga yapo."

"Na nguo zangu mlangoni?"

"Nilikuwa nataka kuzianika."

Januari 2024 alianza kuugua mapafu. Alipooneshwa picha ya eksirei yenye doa, aliuliza, "Skeli yake ngapi, daktari?" Daktari akajibu, "Si dogo, mama." Bibi akamshukuru.

Alasiri ya tarehe 10 Mei alimuuliza babu, "Kesho unasafiri?"

"Sisafiri. Nimeacha kazi."

"Funguo ziko wapi?"

"Nimemrudishia tajiri."

"Hebu geuza mifuko."

Babu akaigeuza yote, hata wa shati. Ndipo bibi akamshika mkono, akalala. Alifariki asubuhi iliyofuata, mkono haujaachiwa.

Ameacha mume, dada mmoja, watoto watatu na wajukuu saba.

Pumzika kwa amani, Bibi. Babu hajaenda popote.