Mathayo Ntandu na Chemchemi Aliyoiweka Ndani

Baba Padri, ndugu Mwenyekiti wa kijiji, wazee wangu shikamooni, na ninyi nyote mlioacha uwele shambani mkaja kukaa nasi chini, anayesoma ni Simoni Ntandu, mdogo wake marehemu, nami karatasi hii nimepewa na shemeji yangu Theodora, ambaye ameniapisha nisiruke mstari hata mmoja, ingawa upo mstari ambao ningependa sana kuuruka.

Mathayo Andrea Ntandu alizaliwa tarehe 3 Machi 1932 hapa Issuna, lakini si hapa barabarani tunapokaa leo, bali kule juu kwenye majabali, katika nyumba ya mzee wetu Andrea iliyokuwa hatua hamsini toka kwenye chemchemi, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na tangu alipojua kutambaa mama alikuwa na kazi ya kumtoa majini, leo kamtoa, kesho yumo tena, mpaka majirani wakasema mama Mathayo kazaa chura.

Alianza shule ya misheni mwaka 1942, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1944, na akamaliza darasa la nane mwaka 1951, hesabu zikiwa zimemshinda kabisa, maana alikuwa anazifanya huku anatazama nje, lakini majani yote ya porini aliyajua kwa majina, kwa harufu na kwa mahali yanapoota.

Tarehe 2 Februari 1953 aliajiriwa kufagia katika shule moja mjini Singida, na mwaka 1961, mwezi uleule wa Uhuru, akapandishwa kuwa mhudumu wa maabara, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi Juni 1971, tumbo lilipoanza kumsumbua akarudi nyumbani. Tarehe 8 Juni 1957, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Theodora, binti wa mzee Lazaro, na Mungu akawajalia Kristina mwaka 1958, Sara mwaka 1961, ambaye aliwatangulia akiwa na miezi saba, na Febronia mwaka 1964, ambaye yuko hapa mbele yenu.

Sasa, ndugu zangu, hakuna aliyemjua Mathayo asiyejua habari za kile kioo, kwa hiyo niwaeleze kilivyokuja. Mwaka 1966 mwalimu wa baiolojia aliyekuwa akimhudumia maabara alihamishwa, akamwachia sanduku la kioo lenye ufa, refu kama mlango, nao ufa Mathayo akauziba kwa lami, akalijaza nusu mchanga na mawe ya kwetu, nusu maji ya chemchemi, kwenye mawe akapanda kangaga na ndago, majini akapanda yale majani membamba yanayoota chini ya jiwe kubwa la chemchemini tu na kwingine hayaoti, akatia vijisamaki kumi na viwili na chura mmoja wa kijani, na baada ya mwaka mmoja ukiingia sebuleni kwake unasikia ubaridi na harufu ya maji mabichi, wakati nje vumbi la Singida linakutoa machozi. Konokono aliwaondoa mmoja mmoja kwa kibano, kwa sababu maabara ilikuwa imemfundisha kwamba kichocho hutoka kwao, na alikuwa mkali kweli kweli kwa jambo hilo. Maji aliyaongeza kila asubuhi kwa kata, amesimama juu ya kigoda, mkono ameuinua mpaka darini, anamimina taratibu yanaanguka yakitoa povu, nasi tukamcheka tukisema kaka anaringa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kwa nini anamimina toka juu hivyo.

Mwaka 1973, akiwa amesharudi kwetu juu na kioo chake, kampeni ya Mtu ni Afya ilipofika, Mathayo alichaguliwa kiongozi wa kikundi, ndiye aliyetufundisha kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kuchemsha maji ya kunywa, na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Mrisho, alipokuja kukagua akaona dimbwi limo sebuleni kwa kiongozi mwenyewe, akashika kiuno akauliza hili nalo tulifukie au vipi, ndipo Mathayo akatia viluwiluwi vya mbu mle ndani na samaki wakavimaliza mzee akiangalia. Toka siku ile yule chura akaitwa Balozi, kwa kuwa alipiga kelele bila kuulizwa, na mzee Mrisho, ambaye namwona pale anafuta macho, alinuna siku mbili tu.

Septemba 1974 tulihamishiwa hapa kijijini, lori likaja asubuhi na lilitakiwa liondoke mchana, kila nyumba na nafasi yake, na Mathayo akasema kioo kinakwenda. Nasema wazi kwamba nilikasirika, kwa sababu ili kioo kipate nafasi kinu cha Theodora kilibaki, na jiwe la kusagia la mama yetu lilibaki, mgambo wakacheka, na Theodora alilowesha kanga yake ya harusi akaifunika juu ya sanduku, akapanda, akalikumbatia njia nzima. Baadaye kule juu hatukuruhusiwa kukaa, ng'ombe wakaikanyaga chemchemi, na kilichobaki kizima cha nyumbani kwetu kikawa kile kilichomo sebuleni.

Ugonjwa ulimzidi mwaka jana, tumbo likajaa maji, na Jumatatu tarehe 12 Aprili mwaka huu wa 1976 alilazwa hospitali ya misheni, ambako daktari alitueleza kwamba ini limeharibika kwa kichocho cha muda mrefu, cha utotoni, cha mtoto aliyeshinda majini, na Mathayo aliposikia aligeukia ukuta. Jamani, mtu aliyewawinda konokono kwa kibano miaka kumi, kumbe walikuwa wameshamaliza kazi yao kabla hajavaa viatu! Walimtoa maji ndoo nzima, baada ya siku nne tumbo likarudi palepale, tukawa tunakaa pembeni ya kitanda tunaangalia, hatuna la kufanya.

Huu ndio mstari nilioapishwa nisiuruke. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari alimwambia Theodora maneno machache tu, maji ya kiooni yakipungua ongeza, samaki usiwaache na njaa, na Theodora akaitikia, akaongeza. Wiki ya pili maji yalibadilika rangi, yakawa kijani, samaki wakazubaa, na maji ya kisima chetu mnayajua yalivyo na chumvi na tope, basi Theodora akafanya lile ambalo mumewe alimfundisha kwa mgonjwa yeyote, alichota madebe sita, akayachemsha yote mpaka kuni zikaisha, akayaacha yapoe usiku kucha yakiwa yamefunikwa vizuri, alfajiri akayatoa yale ya kijani na kumimina haya safi polepole kandokando ya kioo, asiwashtue. Kabla chai haijaiva samaki wote walikuwa wameelea juu, wamekufa, midomo wazi, na Balozi ameruka dirishani hakuonekana tena. Mwalimu wa sayansi wa hapa kijijini ndiye aliyetueleza baadaye kwamba maji yakichemka hewa yake hutoka, na yakianguka toka juu huichukua tena, ndiyo maana kaka alikuwa anapanda kigodani. Asubuhi ile Theodora alipiga kelele hata majirani wakadhani Mathayo amefariki. Wiki hiyohiyo majani nayo yakaoza, na kila alipokwenda hospitali mumewe alimwuliza samaki hawajambo, naye alimjibu hawajambo, halafu akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mathayo aliomba aletewe kipande kimoja tu cha yale majani membamba akione, na Theodora hakuniambia mimi wala mtu yeyote, Jumamosi tarehe 8 aliondoka peke yake, akatembea saa tatu hadi mahameni kwetu, akaikuta chemchemi ni matope na kwato, akajilaza kifudifudi akaingiza mkono chini ya jiwe kubwa mpaka begani, akapata kishina kimoja. Jumapili alikifikisha ndani ya kikombe cha bati. Mathayo alikinusa, akatazama mkono wa mkewe uliochubuka kutoka begani hadi kiwikoni, akasema, “Mama Kristina, pole, umetembea sana.” Akakumbatia kikombe. Hakuuliza tena habari za samaki, siku ile wala siku zilizofuata, na Theodora alipanga kumweleza kila kitu Alhamisi, lakini Alhamisi hiyo, tarehe 13 Mei, saa kumi na moja alfajiri, kaka yangu alikata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na masista waliomhangaikia hadi dakika ya mwisho, walimu aliofanya nao kazi zamani waliotoka mjini, uongozi wa kijiji uliotupatia gari la kumleta, mzee Mrisho na kinamama wa nyumba kumi waliopika na kuchota maji tangu juzi, na sista wa wodi, Marietha, aliyetukabidhi nguo za marehemu pamoja na kile kikombe, hakukimwaga.

Kikombe kipo ndani, juu ya kabati, na asubuhi ya leo Theodora ameona kishina kimetoa mizizi miwili, myeupe, mifupi. Kioo kipo, kimeoshwa, kitupu, naye anaogopa mikono yake, nami sijui, Kristina hajui, tulikaa na mtu miaka kumi tukimcheka. Basi tukishazika, kama yuko mtu hapa aliyewahi kumwona Mathayo akifanya kazi ile, hata mara moja, hata akiwa mtoto aliyechungulia dirishani, tunamwomba asiondoke, aje nyumbani atuambie tuanzie wapi.

Kaka Mathayo, mkeo ameshasema kwa mdomo wangu, na watu wote wamesikia, sasa pumzika kwa amani.