Kura ya Viatu Vinavyopwaya

Treni ilikuwa imeshaondoka muuguzi mmoja, aliyetoka zamu akiwa hoi, alipojikuta anatega sikio. Mbele yake, dada mwenye duka la viatu vya watoto alikuwa akimwonyesha simu yake fundi viatu mzee, aliyekutana naye humo humo behewani.

"Duka lilikuwa linanifia mikononi, baba. Nikaweka kura kwenye ukurasa wangu: mtoto unamnunulia kiatu kinachomtosha au kinachompwaya? Siku moja tu, wamejibu watu elfu mbili. Tisa katika kila kumi, kinachompwaya!"

"Mwanangu, miaka arobaini nimepima miguu. Kila mzazi huniambia anataka cha kumtosha."

"Kwa sababu unamtazama usoni. Kwenye simu amwonee haya nani?"

"Na asiyeonekana si ndiye mwongo zaidi?"

"Mbona basi tangu nilete vikubwa rafu hazikai na kitu?"

Mzee akaisogeza simu hadi kwenye miwani, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Watu wote hawa!"

Muuguzi aliinama mbele asipitwe na neno. Asubuhi ile mwanawe alikwenda shule na karatasi zilizokunjwa ndani ya viatu ili visimpwaye, siri aliyodhani ni ya nyumba yake peke yake. Kumbe!

"Lakini kwa nini wanafanya hivyo, uliwauliza?" mzee akahoji.

Kabla dada hajajibu treni ilisimama, wakashuka wakiendelea kubishana. Hapo ndipo muuguzi naye alipopaswa kushuka, ila alisahau.