Mghosi Kilo: Maisha ya Alen Mika Shemhilu

Baba Mchungaji, wazee wangu shikamooni, ndugu na majirani mliotoka Vuga na Shume, asanteni kwa kufika. Mimi ni Esteria, mdogo wake marehemu. Ukoo umeniomba nisome maisha yake, na nasema wazi kwamba naogopa. Kuna jambo moja kaka yangu alinikataza kulisema. Vijana wakiliinua jeneza, jambo hilo litajisema lenyewe, kwa hiyo sina budi kulitangulia.

Alen Mika Shemhilu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1973 hapa Lukozi, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mika Shemhilu na mama Beatha. Alikuwa mtoto mwoga, mama mwenyewe anasema hivyo. Aliogopa ngurumo, aliogopa ng'ombe, na tukiteremka milima kwenda Mombo alifumba macho mpaka tufike nyika. Kwenye mizani tu ndiko alikokuwa jasiri. Baba alilima kabeji na karoti, na siku ya gulio Alen ndiye aliyepima. Mchuuzi mmoja alizoea kuegemeza kidole kwenye mizani, na Alen akamwambia mbele za watu, "Shikamoo baba. Naomba na kidole kitoke." Baba alicheka wiki nzima.

Alisoma shule ya msingi hapa Lukozi mwaka 1981 hadi 1987, na sekondari wilayani Lushoto mwaka 1988 hadi 1991. Baadaye alikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya usafirishaji. Tarehe 1 Machi 1996 aliajiriwa kuwa karani wa safari katika kampuni ya ndege za kukodi. Mama aliposikia neno ndege alikaa chini. Alen akamtuliza kwamba yeye ni wa mezani, kazi yake ni kupokea simu, kuandika majina ya abiria na uzito wao, basi.

Tarehe 24 Juni 2000 alifunga ndoa takatifu huko Vuga na Secilia, fundi cherehani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Heri na Tumsifu.

Septemba 2003 alitumwa kusindikiza abiria sita kwenye kiwanja cha udongo karibu na machimbo, kanda ya ziwa. Wakati wa kurudi aliwauliza kilo zao, wakamtajia, akaandika. Hakujua kwamba mabegi yao yalikuwa yamejaa mawe ya kupeleka maabara. Ndege ilikimbia mpaka mwisho wa kiwanja, ikakataa kunyanyuka, ikaingia shamba la mihogo. Hakufa mtu, ila rubani alivunjika mkono. Alen alirudi Dar kwa basi, na tangu siku hiyo hakupanda ndege tena.

Woga ule haukumtoka. Alinunua mizani ya kusimamia, na mteja wake awe mkubwa namna gani, hakupita bila kupanda juu yake. "Usiandike unachoambiwa," aliwafundisha wenzake, "andika unachokiona." Nyumbani nasi hatukupona. Mgeni alipimwa kwanza, chai baadaye. Hapa Lukozi mkampa jina la Mghosi Kilo, yaani Bwana Kilo kwa Kisambaa chetu, naye akalipenda. Lakini ndege ikiwa angani hakula chakula mpaka aone ujumbe wa rubani, "Tumetua." Secilia alizoea kufunika sahani yake, naye akaanza kuiogopa simu kama mumewe.

Biashara yenyewe aliijua kama baba alivyolijua soko la karoti. Alitueleza kwamba kila kanda ina msimu wake. Kaskazini ni watalii, kuanzia Juni. Zanzibar ni jeti kubwa zinazotoka nje moja kwa moja, na karani wa Dar anaziona zikipita tu. Kusini, wakati wa kutafuta gesi, ndege hazikutosha, kisha wageni wakaondoka na ndege zikawa zinarudi tupu. Kanda ya ziwa ni dhahabu, bei yake ikipanda simu hazinyamazi. Na mwaka wa uchaguzi hupati ndege hata ya dawa. Kwa ajili ya dhahabu hiyo, mwaka 2016 ofisi ilimhamishia Mwanza.

Wakati wa korona viwanja vilinyamaza, akajua kazi imekwisha. Baada ya miezi michache simu zikarudi nyingi kuliko mwanzo, za watu wasiotaka kukaa kiti kimoja na mgeni anayekohoa. "Woga wa watu ndio riziki yetu, Esteria," aliniambia. Hakufurahi alipolisema neno hilo. Tayari kampuni za Nairobi na za Afrika Kusini zilikuwa zinawachukua wateja wa ofisi yake kwa jeti mpya, na kila mwisho wa mwaka alisubiri barua ya kuachishwa. Haikuja. Kilichokuja ni kingine.

Mei 2024 alianza kuumwa tumbo, na hospitali huko Mwanza ikasema ni saratani. Nilikwenda kusaidia kumuuguza. Joto la ziwa mnalijua, lakini kaka alivaa sweta mbili za Lukozi na akakataa kuoga mtu akiwepo. Mizani yake aliisukuma chini ya kitanda.

Mwezi Novemba madaktari walitaka apelekwe Dar haraka, na kwa basi asingefika. Rubani Abubakari, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tano, alikuwa ameleta wateja wa dhahabu na jeti yake inarudi tupu. Alikuja nyumbani mwenyewe. "Kaka Alen, viti saba vyote ni vyako," alisema. Kaka alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Asubuhi ya tarehe 11, Secilia alipokwenda dukani, aliniambia nitoe mizani. Alipanda nikiwa nimemshika kiunoni. Tulisoma wote wawili.

"Usimwambie Secilia," alisema. "Akisikia, ataogopa."

Nikaapa.

Uwanjani Abubakari alitupanga chini ya bawa na kutuuliza kilo, kama alivyofundishwa. Secilia akataja zake, nami zangu. Mtu huyu aliyewapandisha wakubwa kwenye mizani miaka ishirini alivuta sweta yake chini na kusema, "Sabini na nane." Abubakari alimtazama, akaandika. Ndege ilipoanza kukimbia, kaka alinishika mkono kwa nguvu nisiyojua alikoitoa, akanong'ona, "Imezidi? Imezidi?" Nilimwambia haijazidi. Tulipotua Dar, Abubakari alinionyesha karatasi. Alikuwa ameandika alichokiona.

Alitibiwa miezi mitatu. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Ameacha mjane, Secilia. Watoto wawili, Heri na Tumsifu. Mama yetu Beatha. Na mimi, dada yake.

Leo asubuhi nilimfuata wifi yangu Secilia jikoni ili nivunje kiapo, nikashindwa pa kuanzia. Nikasema tu, "Wifi, kilo za kaka..." Akaendelea kuchochea moto.

"Esteria," alisema, "suruali zake unadhani nani alikuwa anazipunguza? Kila zikifuliwa nilizikaza kidogo kiunoni. Zikimpwaya, angeogopa. Wewe soma."

Basi nasoma. Vijana sita mtakaombeba, naomba mnisikilize. Mmejipanga kwa ajili ya mtu mliyemjua, na mkiinua kwa nguvu hiyo, jeneza litawaruka mikononi na mama yake anatazama. Inueni taratibu. Siku ile mizani ilisema kilo arobaini na nane. Pumzika kwa amani, Mghosi Kilo, haijazidi.