Msinizike na Namba Yenu

Sogeeni wanangu, kaeni upande mmoja wa kitanda, maana shingo yangu haina tena nguvu ya kugeuka huku na huku kuwaamulia ugomvi. Cherehani nimeshazigawa, hilo limekwisha. Linalonikaba ni zile sarafu za mtandaoni tunazolipwa na wateja wa mbali kwa michoro yetu ya nguo. Jasho letu lote mmeliacha kwenye seva ya kupanga, hiyo kompyuta ya mtu tunayoilipia kodi, pamoja na ufunguo wa kuzitolea sarafu. Nimewaambia nini tangu nilazwe? Nimeishi nyumba za kupanga maisha yangu yote, na sikuwahi kuacha dhahabu yangu chumbani, kwa sababu mwenye nyumba ana ufunguo wa akiba. Mnaitikia "ndiyo mama", kisha mnarudi kubishana nani ashike ufunguo.

Wewe binti yangu humwamini mdogo wako tangu alipompa rafiki yake nywila ati amsaidie kazi. Na wewe kitinda mimba unasema dada yako amejifanya baba. Basi mkaona namba ya kuthibitisha kila sarafu zinapotolewa ije kwenye simu ya mama, na kodi ya seva ikatwe kwenye kadi ya mama. Nilidhani ni heshima, kumbe mmenigeuza kufuli. Jana nesi ananitafuta mshipa, nyinyi mnapiga: "Mama, soma namba." Nikifa, benki itafunga kadi, kodi haitaingia, na mwenye seva hatakuja msibani kuuliza kulikoni. Atafuta kila kitu ampangishe mwingine.

Kwa hiyo hamisheni leo, hapa hapa, nikiona. Kila mmoja na kifaa chake kidogo cha kutunzia ufunguo, kisichokaa mtandaoni, na sarafu zisitoke mpaka vyote viwili vikubali. Mtake msitake, mtasalimiana. Maneno ya siri ya kuurudisha ufunguo kifaa kikipotea, kila mtu aandike yake kwa mkono, ayafiche kwake, asiyapige picha. Seva ibaki kupokea oda tu, isiweze kutoa hata senti.

Haya, simu imelia, namba ya kuhamishia imeingia. Andika, binti. Nne... sifuri... macho yamekataa. Mdogo wako akusomee. Mwamini, ni namba tu.

Imekubali? Haya, zimehama.

Mungu awape kazi mikononi... na mlangoni kwenu pasikosekane wa kubisha hodi. Sasa izimeni hiyo simu. Nataka kulala... nisiamshwe.